Kibla Mbili

Leo benki imefungwa, na posta, na shule ya Ferdi;
serikali ya Suriname imetupa siku yetu.
Redio ya jirani inaleta takbira tangu alfajiri,
nami tangu saa nane za usiku niko na masufuria:
supu ya saoto, kuku nimemchambua nyuzi nyuzi,
tambi za bami, mihogo ya kukaanga,
na dawet ya rangi ya waridi, barafu tele,
ambayo Bi Rampiari wa ng'ambo ya mfereji,
Mhindu asiyeijua njaa ya Ramadhani,
huja kuionja "kama imekolea sukari."

Nianze wapi? Nianze na meli.
Babu alipandishwa Java kwa mkataba wa miaka mitano
aje kukata miwa ya Mdachi upande huu wa dunia.
Kule kwao Maka iko machweoni.
Akashuka, akatandika mkeka, akaelekea machweo,
na hakuna aliyemwambia kwamba safarini
alikwisha kuipita Maka,
sasa iko kisogoni.

Baba akaurithi mkeka na upande wake.
Ami Legiman alikwenda mjini, akasoma ramani,
akarudi na dira ya shaba kiganjani.
"Kaka Djasmadi, tunaipa Kaaba mgongo."
"Baba yetu alisali hivi mpaka kaburini."
"Na kaburini tulimlaza vibaya," akasema Ami,
na neno likitoka halirudi.

Msikiti ukawa misikiti, hatua mia mbili kati yake:
mmoja jua la asubuhi huwachoma visogo,
mwingine huwapofusha macho.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Tulilima! Miaka thelathini na minne tulilima,
na mavuno yetu ni siku moja tu, ya leo,
Ami anapokuja na shati la batiki lililopigwa pasi,
anapiga magoti mbele ya kaka yake, ndiyo ada yetu,
"Nisamehe ya nje na ya ndani."
Baba anamgusa utosi. "Nawe unisamehe."
Wanakula kimya. Anaondoka.
Kesho yake hawajuani.

Mwaka huu Baba haoni.
Sukari imemla macho, na mguu mmoja haumtii.
Akasema atasali hapahapa barazani, kitini.
Nikamtuma Ferdi amwekee kiti,
nikakimbilia jikoni kuokoa vitunguu.

Ferdi ana miaka saba. Alikiweka
pale mtu anapoiona barabara vizuri.

Nilipotoka, kitambaa begani,
Ami alikuwa ngazini, amevua viatu,
na Baba, udhu wake bado unachuruzika ndevuni,
kofia yake nyeusi imenyooka,
ameelekea mashariki.
Mashariki yenyewe. Ile ya dira.
Mbingu ilikuwa imetanda mvua;
hata jua halikumgusa shavu kumshtua.

"Nani huyo?"
"Mimi."
"Legiman. Nimeelekea wapi?"

Niliona koo la Ami likipanda, likashuka.
Ushindi wake wote ulikuwa umekaa kwenye kile kiti,
naye alitakiwa anyamaze tu.

Akainama. Akakikumbatia kiti pamoja na mtu wake,
mbao zikalia sakafuni, polepole,
kama anayesogeza kitanda cha mtoto aliyelala,
mpaka machweo.

"Sasa uko sawa, kaka."
"Hunidanganyi?"
"Leo Idi," akasema Ami.

Vitunguu viliungua.
Bi Rampiari akasema dawet haina sukari, akanywa bilauri tatu.
Adhuhuri ikaingia, na Ami bado yupo.
Wakasali barazani, wawili, mgongo kwa mgongo,
na Ferdi katikati yao, mikono kifuani,
ananiuliza kwa macho yeye ageukie wapi.

Nikamwambia alete sahani.